Kopo la Mchuzi la Kupeleka kwa Mjomba

Newala, alasiri ya kuamkia safari

Somoe mwanangu,

Nimekutuma sokoni ukanunue kamba ya kufungia begi, nawe umeondoka ukinung'unika kwamba begi lina zipu nzima, kamba ya nini. Umesema kweli, kamba haina kazi. Nilitaka nyumba ikae kimya kidogo. Mdogo wako Tatu nimembeba mgongoni, amesinzia. Mchuzi uko jikoni unachemka taratibu, na unahitaji saa mbili au zaidi kabla haujafika pale ninapoutaka. Hizo saa mbili ndizo nilizonazo. Mwandiko utauvumilia. Mimi na kalamu tuliachana darasa la saba, tangu hapo tunakutana siku za kutia sahihi karatasi zako za shule tu.

Mambo ya kufua, ya kulala mapema na ya kuchagua marafiki siyaandiki. Hayo nimekuimbia miaka yote kumi na minane, na kama hayajaingia, karatasi haitayaingiza. Chuo cha uuguzi nacho kimekupa orodha yake, mpaka idadi ya soksi nyeupe. Na huko Masasi utakaa Lisekese, alikohamia kaka yangu, Mjomba wako Chande, mtu asiyeweza kuona mtoto wa dada yake analala na njaa. Kwa upande huo moyo wangu umetulia.

Upande mwingine ndio haujatulia. Wiki iliyopita tulikaa pale uani tukimenya vitunguu, ukaweka kisu chini ukasema bila kuniangalia, "Mama, nitakaaje kwa Mjomba miaka mitatu? Mimi ndiye niliyefanya Bibi akafa anakungoja."

Nikakujibu, "Menya vitunguu, jua linazama."

Jua lilikuwa juu kabisa. Ukamenya. Ulijifuta machozi kwa kiwiko, na kwa kuwa ni vitunguu, kila mmoja wetu akajifanya hayaoni ya mwenzake.

Tangu siku ile nimejaribu mara tatu kukujibu kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukutuma dukani. Leo ni kamba. Basi nakujibu hapa. Ila niache nianzie kwenye mchuzi, maana huko ndiko ninakojua pa kushika.

Wewe umenizoea nikiupika kila mwisho wa mwezi, umekua ukidhani kila nyumba ina makopo yake manne ya mchuzi kwenye friza ya jirani. Hakuna nyumba nyingine hapa mtaani, mwanangu. Mama Shaibu ananiwekea kwa sababu kopo la tano ni lake.

Nilifundishwa na Mama Zuhura, mpishi wa ile nyumba ya wageni niliyofanya kazi wewe ukiwa darasa la kwanza. Msimu wa korosho watu walikuwa wanashuka kwenye malori bila taarifa, kumi, kumi na watano, wana vumbi mpaka kwenye kope, wanataka kula sasa hivi. Wali unakawia. Ugali wa muhogo wengine hawaujui. Lakini tambi ni dakika kumi, kazi yote iko kwenye mchuzi. Mama Zuhura alikuwa mnene, mkali, anapika amekaa juu ya kigoda kama hakimu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nakata vitunguu na mgeni ameshakaa mezani, akanipokonya kisu.

"Wewe mtoto wa Chiwata, ndiyo unaanza kupika sasa?"

"Mgeni si ndiyo kafika sasa, mama."

"Mgeni kafika jana. Wewe ndiye umechelewa kujua."

Yule mama hakujua alichonigusa. Niliingia stoo nikajifanya natafuta chumvi.

Nyama ni ya paja. Usipeleke kwenye mashine, mashine inaifanya uji. Ikate kwa kisu mpaka vipande viwe kama punje za mahindi, mpaka mkono uchoke, hiyo ndiyo bei yake. Vitunguu viwe vingi kuliko unavyodhani inafaa, ukadirie, halafu uongeze viwili. Vikaange kwa moto mdogo mpaka vilegee na kupata rangi ya korosho iliyobanikwa. Hapo watu wengi hukosa subira, na mchuzi wao unabaki na ukali wa kitunguu mbichi hata ukitia viungo vya duka zima. Nyama iingie, itoe maji, maji yakauke, ianze kulia kwenye sufuria. Ndipo kitunguu saumu, karoti ya kukwangua, hoho, nyanya zilizoiva mpaka zinakaribia kuharibika, na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kwa ajili ya rangi. Halafu uuache. Punguza makaa, funika nusu, kafanye kazi nyingine. Mafuta yakipanda juu mekundu, na mwiko ukipita chini ukaacha njia isiyofunga mara moja, umeiva.

Wa kuweka usiutie tui, tui linachacha. Chumvi tia nusu, nusu nyingine siku ya kula. Zile korosho zilizovunjika unazoniona nikizitwanga, nazo ni za siku ya kula. Na usiufunike ukiwa wa moto, utatoa jasho, na jasho lake ndilo linalouchachisha. Uache upoe wazi, watu wauone, kisha ndiyo ufunge kopo.

Unakumbuka Babu yako, mzaa baba, alivyotuvamia na watu sita kutoka Mnyambe? Walitoka kwenye shauri la mpaka wa shamba, wakasema wapite kusalimia tu. Kusalimia gani saa ya chakula. Wewe ulikimbia kwa Mama Shaibu kuleta kopo, mimi nikainjika maji ya tambi, na kabla hawajamaliza kulilaani lile shauri wakawa wameshanawa. Babu akaitazama sahani.

"Somoe, mbona mama yako ananipa minyoo?"

"Ni ya ngano hiyo, Babu," ukamjibu. "Haitembei."

"Haitembei? Nitaifukuzaje sasa, na mimi meno ninayo manne?"

"Imeze, Babu, itajua yenyewe njia."

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mzee alikula sahani tatu, na alipokuwa anaaga akauliza kwa sauti ya chini kama ile minyoo imebaki. Halafu akasema mbele ya watu wote, "Kwa Mama Somoe mgeni hapigi hodi mara mbili." Wote wakaitikia.

Neno lile lilikuwa sifa. Mimi nilishindwa kulala kwa sababu yake. Yupo mgeni aliyepiga hodi hapa kwetu mara tatu, Somoe, na mimi nikiwa ndani. Unamjua. Nataka sasa nikuambie siku ile ilivyokuwa, maana wewe uliiona kutoka upande wa mlango, ukiwa na miaka sita. Kutoka nyuma ya pazia ilikuwa hivi.

Mwezi mmoja kabla yake tulikwenda Chiwata, kwetu, kwenye harusi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nyumba ya bati ambayo baba yako alikuwa ameimaliza juzi juzi. Tulikaa wanawake tunanyonyoa kuku, mmoja akaniuliza maisha ya Newala. Ningesema yanakwenda, yangeisha. Mimi nikasema, "Huko kwangu majani tunawaachia sungura. Nyama haikatiki." Niliisema kwa sauti. Kaka yangu Chande alikuwa karibu anamfunga mbuzi, akainua kichwa.

"Nyama haikatiki? Basi nitakuja siku moja bila taarifa, nikufumanie."

"Karibu, kaka. Hata ukija na mbuzi huyo atakuta wenzake kwenye chungu."

Watu wakacheka, nami nikajiona mtu.

Mwezi wa nane ulipofika, baba yako alikuwa Tunduru kwenye kazi ya matofali. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Ndani nilikuwa na unga wa muhogo na majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga ileile siku ya tano. Simu yangu ilikuwa kwa fundi. Alhamisi alasiri nachungulia dirishani, namwona kaka anasukuma baiskeli kuja kwetu, shati limemgandia mgongoni. Kutoka Chiwata mpaka hapa kwa baiskeli ni kutwa nzima. Mtu mwenye akili angejiuliza, kutwa nzima, kuna nini? Mimi nilijiambia, amekuja kunifumania.

Nikakushika bega. Nikakuambia, "Nenda mlangoni, mwambie Mama hayupo."

Ukaniuliza, "Nikiulizwa umekwenda wapi?" Ulikuwa mtoto mwenye akili kuliko mama yako.

"Sema lolote. Muhimu hayupo."

Nikaingia nyuma ya pazia la chumbani. Hayo maneno manne, sema lolote, muhimu hayupo, nimeyabeba miaka kumi na miwili. Yalikuwa yangu. Wewe ulipewa tu uyatoe nje.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

Nadhani uligeuka kulitazama pazia. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga. Halafu nikakusikia, kwa sauti nzuri kabisa ya mtoto anayejibu swali la mwalimu:

"Kaenda kwa Bibi. Chiwata."

Sauti ya Mjomba wako ikawa nyepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwa Bibi? Kaondoka lini?"

"Asubuhi."

"Alhamdulillahi. Basi tumepishana njiani."

Akakuomba maji. Ukampelekea kikombe, akanywa, akakupa kipande cha muwa alichokuwa amekifunga kwenye kiti cha nyuma, akageuza baiskeli. Hakukaa hata chini.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo kosa lilipo, na wewe haupo hapa. Niliisikia ile Alhamdulillahi. Mtu aliyekuja kula nyama hamshukuru Mungu kwa kutonikuta. Niliisikia na nikaielewa kwamba haikukaa sawa. Mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa unalia, nikausikia ukilia mpaka kwenye mikorosho ya mwisho ya jirani. Muda wa kutoka nje na kumwita nilikuwa nao, tena wa kutosha. Lakini nikawaza, nikitoka sasa nitasema nilikuwa nafanya nini nyuma ya pazia? Aibu ya kwanza ilikuwa ya kukosa mboga, ndogo tu, kila nyumba huku inaijua mwezi wa nane. Ya pili ilikuwa ya kujificha. Nikaona heri kuifunga ya kwanza ndani ya ya pili.

Mnyororo ulipoacha kusikika nikatoka. Nikakupapasa kichwa. Nikakuambia, "Umejibu vizuri." Nilikusifu, Somoe.

Unajua desturi yetu. Mgeni haulizwi habari akiwa mlangoni. Anakaribishwa, ananawa, anakula, ndipo anaeleza kilichomleta, na habari nzito haiachwi kwa mtoto. Ningemfungulia kaka siku ile, nikamtengea ugali na yale majani ya sungura, angekula, angenawa, angeniambia, "Mama ameshikwa, anakutaka." Jua halijazama ningekuwa nimekaa nyuma ya baiskeli yake na wewe mapajani. Lakini kwa alivyosikia yeye, habari ilikuwa imeshanifikia kwa njia nyingine na mimi niko safarini. Angebaki kufanya nini?

Alifika Chiwata Ijumaa alfajiri akamwambia mama, "Anakuja. Tumepishana, atakuwa amepitia kwa watu." Walionihadithia ni waliokuwepo. Walisema mama alipata nguvu kwa neno hilo. Aliomba abadilishiwe kanga. Ijumaa yote kila pikipiki ikilia barabarani alikuwa anasema, "Huyo." Inapita. Inalia nyingine, "Huyo." Jumamosi alfajiri pikipiki zilipita na yeye hakusema kitu.

Habari ilinifikia kwa simu ya Mama Shaibu. Nikakuvalisha, tukaenda. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilipoingia uani kwetu wanawake waliacha kulia wakanitazama. Shangazi mmoja akaniuliza, "Ulikuwa wapi wewe? Tangu Alhamisi uko njiani, ulipotelea wapi?"

Mama yangu yuko ndani amefunikwa, na mimi mtoto wake nikafungua mdomo nikasema, "Nilikuwa shamba, Mnyambe. Mtoto ndiye aliyejisemea tu, hajui alichosema."

Macho yote yakashuka kwako. Ulikuwa umeshika pindo la kanga yangu. Hukulia, hukukanusha. Uliniangalia tu, kama unayeuliza, Mama, ndiyo tunasema hivyo? Nikatazama pembeni.

Kaka alinikazia macho kitambo. Kisha akasema, "Mtoto ni mtoto. Tusimlaumu."

Baada ya arobaini akaanza kukuita Bi Tumepishana. Kwake ulikuwa utani wa mjomba, wa kuyapoza mambo. Kila akija, "Yuko wapi Bi Tumepishana?" Watu wanacheka. Na mimi nilicheka, mwanangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nacheka na wao. Wewe ndiye uliyeacha kuitikia hodi. Mpaka leo una miaka kumi na minane, umefaulu mitihani yote ya sayansi, mtu akigonga mlango unanitazama mimi kwanza usoni ndipo unajua ufanye nini. Nilikuwa nawaambia watu kwamba una haya.

Tatu ameamka, nimemnyonyesha kidogo. Mchuzi nimeukoroga. Bado.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Siku ile ya Alhamisi nilikuwa nimetoka kufua, ndara zangu za bluu nilizivua pale kwenye kizingiti. Jioni nilipotaka kwenda uani nikazikuta palepale, zina maji bado, vidole vinatazama ndani. Alipokunywa maji kaka yangu alisimama juu yake kabisa. Na kaka yangu unamjua, akipita shambani asubuhi anakuambia nani kapita jana na alikuwa amebeba nini.

Kama hakuziona, basi alidanganywa. Kama aliziona, basi aliendesha baiskeli usiku kucha kurudi kwa mama yetu akijua niko ndani, akaamua kumwambia anakuja, ili mama afe akinitarajia badala ya kufa akijua nilijificha. Na pale uani aliposema mtoto ni mtoto, sijui alikuwa anamsema mtoto yupi.

Sikuwahi kumuuliza. Nilianza kupika mchuzi.

Ndiyo maana nasema mchuzi huu ninauelewa na pia siuelewi. Miaka mingi niliamini fundisho la siku ile ni kwamba nyumba isikose kitoweo. Nikakesha na sufuria. Nikasifiwa. Wageni wamekula hapa nisiowajua hata majina, nami nikitazama sahani zinavyorudi tupu nafarijika kidogo, siku mbili tatu, halafu kopo linalofuata. Wewe umeniona nikitoka kwenye kazi zangu za mnadani nimechoka, miguu imevimba, na bado nakata nyama kama punje za mahindi. Uliwahi kuniuliza, "Mama, kwani nani anakuja?" Nikakujibu, huwezi kujua. Nilikuwa namjua vizuri sana. Nilikuwa nampikia mtu wa Alhamisi ile, kila mwezi, na yeye alishaondoka na baiskeli yake.

Kaka yangu hakuhitaji nyama. Angekula majani ya kunde, angenicheka, angesema, "Na sungura wamekula nini leo?" Kicheko kimoja, kingeisha palepale mezani. Mimi nilikikwepa kicheko hicho kwa bei ya mama yangu, na deni nikalisukumia kwako.

Kwa hiyo upike, ukipata friza na nafasi. Ni mchuzi mzuri, watu wanaotoka zamu ya usiku watakubariki. Lakini siku utakayokuwa huna kitu, na mtu akapiga hodi, mfungulie na huna kitu. Hilo moja tu ndilo ninaloweza kulisema kwa haki, maana nimelilipia. Mengine utayaokota mwenyewe.

Na kule wodini siku moja utamkuta mgonjwa anayesema "huyo" kila mlango ukifunguka. Sitakufundisha la kufanya. Ukae naye tu kama una dakika.

Sasa la kesho.

Nilikuwa nimepanga hivi: nikusindikize mpaka stendi, nikupe kopo kubwa la mchuzi na pakiti nne za tambi, nikuambie, "Mpe Mjomba, mwambie Mama anakusalimu." Kopo nimelitayarisha tangu asubuhi, lile jeupe lenye mfuniko wa kukaza. Halafu nikaliangalia nikaona ninachokifanya. Nakutuma tena mlangoni kwa kaka yangu, na maneno yangu mdomoni mwako, na mimi nimebaki ndani.

Hapana.

Kesho nakwenda na wewe. Tatu atakuwa mgongoni, kopo nitalibeba mimi. Mjomba wako sijampigia simu na sitampigia. Anakutegemea wewe peke yako. Mimi sitegemewi.

Barua hii utaikuta juu ya sare zako utakapolifunga begi, na kamba yako isiyo na kazi. Ukiisoma ukataka kukasirika, kasirika. Usinifichie kwa adabu. Kwenye gari ukitaka kukaa kiti cha nyuma peke yako, kaa, nitakuona tu kisogo na nitashukuru. Ukitaka kuniuliza kitu, safari hii sitakutuma dukani. Na jina la Bi Tumepishana, kuanzia kesho, mwenye nalo ni mimi. Akilitaja utaninyooshea kidole mimi.

Tukifika Lisekese utasimama nyuma yangu. Hodi nitapiga mimi. Najua kwetu habari hungoja mtu anawe na ale kwanza, nami nimeitumia desturi hiyo vibaya miaka kumi na miwili, nikiwalisha watu ili nisiulizwe. Kesho nitasema palepale kwenye kizingiti, kabla ya maji, kabla ya kiti, kopo likiwa limefungwa mkononi. Sitaki mchuzi unitangulie kusema. Akishanisikia akitaka kunikaribisha, utaupasha wewe, umalizie chumvi, korosho za kutwanga nimezifunga kwenye kitambaa. Asipotaka, kopo litabaki pale mlangoni pamoja na wewe, maana wewe unakaribishwa, na mimi nitarudi na gari la mchana.

Nimetoka kuutazama sasa hivi. Mafuta yamepanda. Nimepitisha mwiko, njia imekaa wazi. Nakusikia kwenye kona unamsalimia Mama Shaibu, basi nakunja.

Kesho atauliza kutoka ndani, "Nani?" Utataka kuniangalia usoni ujue la kusema. Usiseme kitu, mwanangu. Ulishanisemea. Mimi nitavua ndara zangu, nitazigeuza vidole vitazame ndani azione vizuri, na nitamjibu mwenyewe:

"Kaka, hatukupishana. Nilikuwa ndani."

Mama yako